Nywila imara haitoshi: wenye tovuti na wenye Wi-Fi nao wawajibike

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie tahadhari tunayopewa wananchi kila inapovuma habari ya akaunti ya mtu kudukuliwa, kwamba tubadilishe nywila, tuchague nywila ndefu na tuiogope Wi-Fi ya bure. Ushauri huo si mbaya, na mimi ninayetunza mtandao wa kompyuta katika chuo kimojawapo nchini huutoa kwa wanafunzi karibu kila muhula. Kasoro yake ni kwamba unamtwisha mtumiaji mzigo wote, ilhali kuna wizi unaofanyika kwenye mitandao isiyotumia waya ambao hauhitaji nywila hata kidogo, na kinga yake imo mikononi mwa watu wasiotajwa kamwe katika tahadhari hizo, yaani wenye tovuti, wenye seva, na wale wanaofunga vifaa vya Wi-Fi kwenye dari za hoteli, hosteli na vyuo vyetu.

Unapoingia kwenye akaunti yako kwa kivinjari, nywila hutumika mara moja tu. Seva ikisharidhika kwamba ni wewe, hukupa namba ndefu isiyokisika, ambayo kivinjari huihifadhi kama kidakuzi na kuirudisha kila unapofungua ukurasa mwingine, kwa sababu itifaki ya HTTP, yaani lugha inayotumiwa na kivinjari na seva kuwasiliana, yenyewe haikumbuki nani aliomba nini sekunde moja iliyopita. Tangu hapo hadi utakapotoka, seva haikujui wewe wala nywila yako. Inaijua ile namba. Ni sawa na kibao unachopewa unapoacha mkoba mlangoni mwa duka kubwa: anayekileta ndiye anayekabidhiwa mkoba, na mhudumu hana haja ya kukumbuka sura. Kuiba namba hiyo ndiko kuteka kipindi, yaani mawasiliano yako yote na seva tangu kuingia hadi kutoka, na mtekaji hajali kama nywila yako ina herufi nane au themanini. Hata ile namba ya uthibitisho inayotumwa kwa ujumbe mfupi haimzuii, kwa kuwa iliulizwa na kujibiwa kabla yeye hajafika.

Wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mafunzo kwa vitendo huonyeshwa jambo hili kwenye ruta iliyotengwa na mtandao wa chuo, kwa kutumia tovuti ya majaribio isiyosimbwa, yaani ambayo data yake husafiri bila kufichwa. Mmoja huingia kwa jina na nywila aliyojitungia. Mwenzake, kwenye kompyuta mpakato yenye mfumo endeshi wa Linux, hufungua programu ya Wireshark na kutazama pakiti, yaani vipande vya data, zinazopita hewani. Katikati ya mistari mingi hutokea mmoja unaoanza na neno Cookie, yaani kidakuzi, kisha jina lake PHPSESSID, kisha alama ya sawasawa, kisha mfululizo wa herufi na tarakimu usiosomeka. Akiupeleka kwenye kivinjari chake na kufungua ukurasa upya, juu kulia hujitokeza jina la mwenzake pamoja na kitufe cha kutoka. Swali linalofuata huwa ni lile lile: mbona hakuulizwa nywila? Wapo wanaodhani tumepanga mchezo, wakaomba turudie na nywila wanayoichagua wao.

Dunia nzima iliona onyesho la namna hiyo Oktoba 2010, Eric Butler alipotoa kiongezi cha Firefox kiitwacho Firesheep katika mkutano wa usalama wa kompyuta mjini San Diego, Marekani. Mtu asiyejua lolote kuhusu mitandao aliweza kuketi mgahawani penye Wi-Fi isiyo na nywila, akaona majina na picha za waliomzunguka zikijipanga kando ya kivinjari, na kwa kubofya mara mbili akawa ndani ya akaunti zao za Facebook au Twitter. Butler alieleza wazi kwamba alitaka kuziaibisha kampuni zilizokuwa zikisimba ukurasa wa kuandikia nywila peke yake, kisha zikaacha kidakuzi kisafiri uchi katika kurasa zote zilizofuata. Miezi michache baadaye, wakati wa vuguvugu la Tunisia, ikabainika kwamba kurasa za kuingilia Facebook, Gmail na Yahoo zilizofunguliwa kutoka ndani ya nchi hiyo zilikuwa zikipachikwa msimbo wa kuiba nywila zikiwa njiani, na Facebook ikalazimika kuwapa watumiaji wa Tunisia kurasa zilizosimbwa. Januari 2011 ilitoa fursa ya HTTPS, yaani HTTP iliyosimbwa, kwa yeyote aliyeitaka, na ilipofika 2013 ikawa ndiyo kawaida kwa watu wote. Gmail ilikuwa imeshafanya hivyo tangu Januari 2010. Nawaomba wasomaji watazame ni nani aliyeondoa tatizo lile. Mamilioni ya watumiaji hawakubadilisha chochote. Waliobadilisha ni wenye seva.

Nataka sasa kusema na ndugu zangu wa Linux, maana ninaitumia kila siku kazini na nyumbani, na ninayajua majigambo yetu. Firesheep ilipotoka ilifanya kazi kwenye Windows na Mac tu, na wapo waliodhani kwamba kwa hiyo haiwahusu. Ni kweli kwamba mtu wa Linux hakuweza kuitumia siku zile, lakini hakuna kilichozuia yeye kuibiwa kwayo, kwa sababu kidakuzi kikishatoka kwenye antena hakina alama inayoonyesha kilitoka kwenye mashine ya aina gani. Jambo hili si la wapenzi wachache wa kompyuta. Simu ya Android imejengwa juu ya keneli, yaani kiini, ya Linux, sehemu kubwa ya seva za tovuti duniani ni Linux, na ruta nyingi zilizofungwa darini nazo huendeshwa na Linux, tena mara nyingi ya zamani. Anayesema hajawahi kuigusa Linux yamkini amekwisha kuitumia tangu asubuhi.

Mfano unaojulikana zaidi wa watu wa Linux kuathirika ni wa Oktoba 2017, Mathy Vanhoef wa Chuo Kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, alipotangaza udhaifu wa WPA2, itifaki ya kulinda Wi-Fi, alioupa jina la KRACK. Kwa kurudia ujumbe mmoja wa salamu zinazopeanwa kati ya kifaa na ruta, mshambuliaji aliyekuwa karibu aliweza kukifanya kifaa kisimike upya ufunguo wa usimbaji uliokwisha kutumika. Vifaa vingi viliathirika, lakini walioumia zaidi walikuwa watumiaji wa Linux na wa Android kuanzia toleo la 6.0, kwa kuwa programu yao ya kujiunga na Wi-Fi, wpa_supplicant, toleo la 2.4 na yaliyofuata, ilikuwa imeshafuta ufunguo kwenye kumbukumbu yake, hivyo ilipoambiwa iusimike tena ilisimika ufunguo wa sifuri tupu. Wanaotunza Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, walitoa marekebisho mara moja. Simu na ruta ambazo mtengenezaji wake alishaacha kuzihudumia zilibaki jinsi zilivyokuwa.

Kisa cha mwaka 2016 kinanivutia zaidi, ingawa magazeti hayakukipa nafasi kubwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, kampasi ya Riverside, walionyesha kwamba mtu anaweza kuuteka muunganisho wa TCP, itifaki inayobeba data za kurasa za tovuti, bila kuwa njiani kati ya pande mbili zinazowasiliana, bila kuona hata pakiti yao moja. Keneli ya Linux kuanzia toleo la 3.6 la mwaka 2012 ilikuwa imefuata kwa uaminifu pendekezo jipya la kuimarisha TCP, na ndani ya uimarishaji huo kulikuwa na kikomo cha majibu 100 ya uthibitisho kwa sekunde. Kosa lilikuwa kukifanya kikomo hicho kuwa cha mashine nzima badala ya kila muunganisho kuwa na chake. Mshambuliaji alituma pakiti za kughushi akijifanya mmoja wa wawasilianao, kisha akatuma zake mwenyewe na kuhesabu majibu. Akipata 100 kamili alijua amekisia vibaya. Yakipungua alijua kuna jibu lililokwenda kwa mtu mwingine, maana yake amekisia vizuri. Kwa kuhesabu tu aliweza kujua kama watu wawili wanawasiliana, kisha akazifikia namba za mfuatano wa muunganisho wao, na watafiti wale walifaulu kupachika fomu ya uongo katika ukurasa wa gazeti la USA Today aliokuwa akiusoma mlengwa. Windows na Mac zilinusurika kwa sababu ya kuchekesha: hazikuwa zimetekeleza pendekezo lile kikamilifu. Keneli ilirekebishwa katika toleo la 4.7 mwaka huo huo. Lakini jambo la kushika hapa ni kwamba pale tovuti ilipokuwa na HTTPS, mshambuliaji aliishia kuukata muunganisho. Hakuweza kuandika neno ndani yake. Kwa mara nyingine, aliyeamua ukubwa wa madhara alikuwa mwenye tovuti.

Wengine watasema dawa ni VPN, yaani njia ya faragha iliyosimbwa ndani ya mtandao wa wote, na matangazo yake tunayaona kila mahali. Desemba 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha New Mexico walitangaza kwamba mtu aliye kwenye Wi-Fi moja na wewe, au anayeimiliki ruta, anaweza kubaini anwani ya ndani uliyopewa na VPN na kujua tovuti fulani umeifungua, na katika hali fulani kupenyeza data kwenye muunganisho wako. Walioathirika ni Linux, FreeBSD, macOS, iOS na Android, na aina ya VPN haikuleta tofauti kubwa, kwa kuwa tatizo lilikuwa katika namna mfumo unavyozipokea pakiti zinazoingia kwa mlango usio wake. Upande wa Linux, mipangilio ya systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, ilikuwa imelegezwa mwaka mmoja kabla, ili kompyuta yenye njia mbili za mtandao isipate usumbufu, na mistari michache ya mipangilio ilitosha kuikaza tena. Ni mwananchi gani asiye fundi atakayekwenda kutafuta mistari hiyo?

Nirudi kwenye dari zetu. Hoteli na migahawa mingi imebandika nywila ya Wi-Fi ukutani au kuichapa chini ya risiti, na wateja huona hiyo ni dalili kwamba mtandao ni salama kwa sababu una nywila. Katika WPA2 ya kawaida, ufunguo wa kila kifaa hutengenezwa kutokana na nywila ile moja ya wote pamoja na namba zinazopeanwa waziwazi wakati kifaa kinapojiunga. Anayeijua nywila, na akawa ameyanasa mazungumzo ya kujiunga ya jirani yake, anaweza kuyafungua yote yanayofuata. Kwa hiyo nywila ya ukutani humzuia mpita njia asile bando la hoteli, lakini haimlindi mgeni mmoja dhidi ya mgeni mwingine. WPA3, iliyotangazwa mwaka 2018 na kuwa sharti la kupata cheti cha Wi-Fi tangu Julai 2020, imeiondoa kasoro hii kwa namna yake tofauti ya kukubaliana ufunguo. Na hata kabla ya kununua kifaa kipya, ruta nyingi zina mpangilio wa kuwatenga wateja wasionane moja kwa moja. Hautibu kila kitu, lakini unaondoa hila rahisi zaidi za jirani kujifanya ruta, na kuuwasha ni kazi ya dakika chache kwa yeyote mwenye nywila ya ruta. Katika sehemu nyingi nilikolala kikazi haujawashwa. Nimekuwa na desturi ya kumweleza msimamizi wa mapokezi, ambaye hunisikiliza kwa adabu na kuniambia kwamba fundi huja mwisho wa mwezi.

Vyuoni tuna mfumo ulio bora zaidi, ambapo kila mtu huingia kwenye Wi-Fi kwa jina na nywila yake. Eduroam, mfumo wa Wi-Fi wa pamoja wa vyuo, ambayo nchini Kenya husimamiwa na KENET, mtandao wa elimu wa nchi hiyo, hufanya kazi hivyo. Humo kila kifaa kina ufunguo wake, na jirani hawezi kuusoma. Ubora huo huvunjwa na alama moja ya tiki. Kwenye kompyuta ya Linux, dirisha la NetworkManager linalouliza jina na nywila lina kisanduku kidogo kinachosema kwamba cheti cha mamlaka, yaani kile cha kuhakikisha kwamba mtandao ni wa chuo kweli, hakihitajiki. Mwanafunzi asipoweka cheti, dirisha hugoma kumruhusu aendelee. Akiweka tiki, mtandao huingia papo hapo. Maelekezo mengi niliyoyaona yakibandikwa kwenye mbao za matangazo yanamwambia aweke tiki. Tangu siku hiyo kompyuta yake itamkabidhi vielelezo vyake yeyote atakayewasha ruta yenye jina lile lile la mtandao, hata akiwa kituo cha basi. Simlaumu mwanafunzi. Chuo kinachotoa mtandao ndicho kinachopaswa kumpa cheti na faili la mipangilio lililokamilika, ili kisanduku kile asikutane nacho kabisa.

Kwa upande wa wenye tovuti, kisingizio cha gharama kimekwisha. Tangu Desemba 2015 huduma ya Let's Encrypt hutoa vyeti vya HTTPS bila malipo, na kwenye seva ya Linux cheti hujihuisha chenyewe. Hata hivyo cheti peke yake hakitoshi, na hapa ndipo watunza mifumo wenzangu wengi wanapoishia. Mwaka 2009 mtafiti wa usalama Moxie Marlinspike alionyesha kwamba mtu aliyekaa katikati anaweza kumshusha mgeni kutoka HTTPS hadi HTTP bila yeye kujua, iwapo kivinjari chake kimeanza safari kwa HTTP. Tiba yake, inayoitwa HSTS, ni mstari mmoja ambao seva hukiambia kivinjari kisije tena bila usimbaji, na imekuwa kanuni rasmi tangu 2012. Kidakuzi nacho kiwekewe alama ya Secure ili kisitoke kamwe nje ya HTTPS, na ya HttpOnly ili msimbo uliopenyezwa kwenye ukurasa usiweze kukisoma. Namba ya kipindi ibadilishwe mara mtu anapoingia. Na mtumiaji anapobonyeza kutoka, seva ikifute kipindi chake upande wake, isiridhike na kukiondoa kidakuzi kwenye kivinjari tu huku namba ile ikibaki hai kwa yeyote aliyeinakili. Yote haya ni mistari ya mipangilio ambayo mtumiaji hawezi kuiandika kwa niaba ya mwenye tovuti, hata angekuwa na bidii kiasi gani.

Sikatai kwamba mtumiaji ana sehemu yake. Kadiri hewa inavyozidi kusimbwa, wezi wamehamia kwenye diski. Machi 2023 chaneli ya YouTube ya Linus Tech Tips yenye wafuasi mamilioni ilitekwa baada ya mfanyakazi kufungua kiambatisho kibaya kilichokusanya vidakuzi vya kivinjari, na nywila wala uthibitisho wa hatua mbili havikuulizwa. Kwenye Linux, Firefox huhifadhi vidakuzi katika faili la cookies.sqlite ndani ya folda ya mtumiaji, na programu yoyote anayoiendesha mtumiaji huyo inaweza kulisoma bila kuomba ruhusa ya msimamizi. Kwa hiyo kijana anayenakili amri ndefu mtandaoni na kuibandika kwenye terminali bila kuisoma, akijiambia kwamba Linux haina virusi, anajihatarisha bure. Asasishe mfumo wake, atoke kwenye akaunti anapomaliza, na asipuuze onyo la kivinjari kuhusu cheti. Zaidi ya hapo, sioni tunachoweza kumdai kwa haki.

Kisheria hapa Tanzania hatuko utupu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayeingilia mawasiliano na anayeingia kwenye mfumo wa mwingine bila ruhusa. Lakini mtekaji wa kipindi mgahawani haachi dirisha lililovunjwa, na kumpata ni kazi ngumu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekuja kwa mlango mwingine: inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na Tume ya kuisimamia imeshaundwa. Hapo ndipo ningependa tuelekeze nguvu, maana mwenye tovuti anajulikana na ana anwani, na kuangalia kama tovuti yake ina HSTS au kama kidakuzi chake kina alama ya Secure kunafanyika waziwazi kwa kivinjari cha kawaida, bila kudukua chochote.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, naomba kupitia gazeti lako wasimamizi wa mifumo ya usajili wa wanafunzi, ya hospitali na ya malipo ya huduma wajitokeze kujibu swali moja la kuanzia: mtumiaji wa mfumo wako anapobonyeza kutoka, je, seva yako inakifuta kipindi chake, au namba ile ile inaendelea kufungua akaunti yake hadi kesho? Anayehitaji kulijaribu swali hilo kwenye mfumo wake mwenyewe atahitaji vivinjari viwili na muda usiozidi kikombe kimoja cha chai.

Wako,
Mtunza mtandao wa chuo,
Morogoro.